Kurusha juu na kudondoka: majibu yakigoma, anzia hapa

Hii orodha ya makosa kwenye maswali haya ya fizikia nimeipanga kwa dalili, yani unaanza na kile unachokiona kwenye daftari au kwenye stopwochi alafu unashuka kuangalia sababu. Ni zile shida zinazojirudia kila muhula, kidato cha pili mpaka cha sita na hata mwaka wa kwanza chuo, ukifundisha tuisheni kidogo tu unaanza kuzitambua kabla mtu hajamaliza kueleza. Kwenye kila dalili sababu iliyotangulia ndo inayowakuta wengi na ya mwisho ndo ya nadra, kwahiyo usikimbilie ya mwisho kisa inaonekana ya kisomi. Mtu anakuja analalamika hewa imemharibia jibu, kumbe kaandika kumi chanya mahali pa kumi hasi.

Fomula ni tatu: v = u + at, s = ut + ½at² na v² = u² + 2as (u ni spidi ya mwanzo, v ya mwisho, a ni mchapuko yani kasi ya spidi kubadilika, t ni muda, s ni mahali kitu kilipo toka sifuri yako). Hizo hazikosei ovyo. Mara nyingi jibu la ajabu ni jibu sahihi kabisa la swali ambalo hukukusudia kuuliza, na kazi yetu hapa ni kujua umeuliza nini.

Kipimo cha haraka kabla ya dalili yoyote

Chukua g, yani mchapuko unaoletwa na mvutano wa dunia, kuwa 10, alafu hesabu kwa vidole. Kitu kimerushwa juu kwa mita 20 kwa sekunde, kila sekunde kinapoteza 10: mwanzo 20, baada ya sekunde moja 10, baada ya mbili sifuri, ya tatu ni 10 kuelekea chini, ya nne 20 kuelekea chini na kiko mkononi tena. Urefu wa juu kabisa mita 20, safari nzima sekunde 4. Hiyo jedwali ndogo inatengenezwa dakika moja na haitumii fomula hata moja, jibu lako likipishana nayo sana basi ujue shida iko kwako na wala usipoteze muda kubishana na kitabu.

Alafu pembeni ya karatasi andika vitu viwili: sifuri iko wapi, na upande gani ni chanya. Mimi huwa nasema juu ni chanya na sifuri ni pale kitu kinapoachia mkono. Wewe ukipenda chini iwe chanya sawa tu, ila ukishaamua usibadilishe katikati ya swali. Nusu ya dalili zinazofuata zinaishia hapohapo.

Dalili: mpira unapanda tu haurudi, au urefu unatoka mkubwa wa kutisha

Sababu ya kwanza ni ishara. Umeweka u = 20 na a = 10 zote chanya, ukatafuta spidi baada ya sekunde 2 ukapata 40. Hapo umeiambia fomula kwamba dunia inausukuma mpira kwenda juu, nayo ikakutii. Kama juu ni chanya basi a ni hasi 10 safari nzima, wakati wa kupanda, pale juu kabisa, na wakati wa kushuka. Kuna wanaofundishwa "kupanda hasi, kushuka chanya", na hii inafanya kazi endapo tu umelikata swali vipande viwili na kila kipande umekianza upya na sifuri yake, ukiichanganya kwenye mstari mmoja inakuua. Mimi naona ni bora uisahau kabisa.

Ya pili ni kilomita kwa saa. Swali limesema mpira umepigwa juu kwa km 72 kwa saa, we ukaingiza 72 moja kwa moja, unapata mpira umepanda mita 259. Gawanya kwa 3.6 kwanza, inakuwa 20, na urefu unarudi kuwa mita 20. Angalia kwa akili ya kawaida tu, mita 259 ni jengo la ghorofa themanini hivi, nani anapiga mpira hivyo.

Ya tatu, nadra kidogo, ni kipeo cha pili kukaa pabaya. Kwenye ½at² kinachozidishwa chenyewe ni t peke yake, siyo a. Kwenye kalkuleta watu wanafunga mabano yote alafu wanabonyeza kipeo, linatoka dubwana.

Dalili: muda unatoka hasi

Hii inawatisha sana watu na wengi wanafuta kazi nzima waanze upya wakati walikuwa sahihi. Mfano wa kawaida kabisa: umesimama juu ya ghorofa, mita 20 toka chini, unarusha jiwe juu kwa 15, linapanda, linashuka linakupita hadi chini. Linatumia muda gani? Sifuri ni mkononi, juu chanya, chini ya ghorofa ni hasi 20. Kwahiyo −20 = 15t − 5t². Panga vizuri, gawa kwa tano, unabaki na t² − 3t − 4 = 0, majibu ni 4 na hasi 1.

Kama una moja hasi na moja chanya kama hapa hujakosea popote. Chukua 4. Ile hasi 1 nayo siyo takataka, fomula haijui kwamba wewe ulikuwepo juu ya ghorofa, yenyewe inajua njia tu, na inakuambia kwamba jiwe lililorushwa toka chini kabisa sekunde moja kabla yako lingefuata njia ileile na kukupita mkononi likiwa na spidi 15. Jaribu: sekunde moja nyuma spidi yake ingekuwa 25 kwenda juu, na lako likigonga chini kwenye sekunde ya 4 spidi ni 15 − 40, yani 25 kwenda chini. Zimelingana. Ukiona namba zinashikana hivyo ujue kazi yako iko salama.

Kama zote mbili ni hasi, hapo sasa umekosea, na karibu kila mara kosa ni la ishara. Rudi pembeni ya karatasi usome ulichoandika.

Kama umepata 1 badala ya 4, umeweka s = +20 kwa upande mmoja na g chanya kwa mwingine, maana yake umelirusha jiwe kwenda *chini* kwa 15, na ni kweli kabisa lingefika baada ya sekunde 1. Jibu sahihi, swali la mtu mwingine.

Dalili: muda unatoka mara mbili na yote chanya

Hakuna ubovu. Mpira wa 20 ukiuliza lini upo mita 15 utapata sekunde 1 na sekunde 3, mara ya kwanza unapanda, ya pili unashuka. Soma swali linataka ipi. Likisema "kwa mara ya kwanza" ni ndogo, likisema "ukiwa unarudi" ni kubwa, lisiposema andika zote mbili na neno moja pembeni ya kila moja.

Dalili: kalkuleta inaandika Math ERROR kwenye kipeuo

Ndani ya kipeuo kuna namba hasi. Angalia ishara kwanza, ndo sababu ya wengi. Ishara zikiwa safi basi kubali habari yenyewe: kitu hakifiki huko unakokipeleka. Mpira wa spidi 12 mwisho wake ni 144 gawanya kwa 20, mita 7.2, wewe umeuliza lini utafika mita 10. Hautafika. Hilo ndo jibu na linaandikwa hivohivo, kuna maswali yametungwa makusudi kwa ajili ya hilo.

Dalili: s inatoka sifuri wakati kitu kimesafiri kabisa

s siyo umbali kilichotembea, ni mahali kilipo ukipima toka ulipoweka sifuri. Mpira umerudi mkononi, s ni sifuri, umbali ni mita 40. Wakitaka umbali, kata safari pale juu kabisa, hesabu kupanda, hesabu kushuka, jumlisha bila ishara.

Dalili: unapata spidi ya kugonga chini ni sifuri

Umewaza "si limetulia chini, kwahiyo v = 0". Fomula hizi zinaishi kuanzia kitu kinapoachia mkono mpaka *kabla tu* hakijagusa ardhi. Kikigusa, ardhi inaingiza nguvu yake, a siyo g tena na hizi fomula zimeisha kazi. v ni ile ya mwisho kabisa kikiwa bado hewani. Nazi ikidondoka mita 20, v² = 2 × 9.8 × 20, inafika kwa mita 19.8 kwa sekunde, karibu km 71 kwa saa, baada ya sekunde 2 hivi. Mnaokaa pwani hiyo namba ifikirieni kabla hamjaweka kiti chini ya mnazi wenye nazi kavu.

Dalili: umeandika juu kabisa mchapuko ni sifuri na mwalimu kakata maksi zote

Spidi pale juu ni sifuri, mchapuko ni 9.8 kuelekea chini kama sehemu nyingine yoyote. Kipimo chake: kama mchapuko ungekuwa sifuri pale, spidi isingebadilika, na kama spidi ni sifuri na haibadiliki mpira ungebaki ukining'inia juu. Kwa sababu unashuka, basi kuna kitu kinaubadilisha. Wanaokosea hapa wanadhani mkono uliiweka "nguvu ya kupanda" ndani ya mpira na inaisha pole pole mpaka ilingane na mvutano. Hakuna nguvu hiyo. Mkono ukishaachia umeachia, kilichobaki ni spidi, na dunia inaivuta. Ukichora mchoro wa nguvu za mpira ukiwa hewani mshale ni mmoja tu, wa chini. Ukijikuta umechora wa juu jiulize nani anausukuma, ukikosa jina la mtu au kitu kinachougusa, ufute.

Dalili: jaribio lenu linatoa g ya 7, au 12, au kila mtu na yake

Hapa ndo patamu na hapa ndo watu wanapika data, kwahiyo tukae kidogo.

Sababu namba moja kwa mbali kabisa ni kidole chako. Kitu kikidondoka mita 1.5 kinatumia sekunde 0.55 tu. Mtu wa kawaida anachelewa kama sekunde 0.2 toka aone mpaka abonyeze, anachelewa kuanza na anachelewa kusimamisha, sehemu zinafutana lakini hazifutani sawasawa kila mara. Ukisoma 0.65 badala ya 0.55 unapata g ya 7.1, ukisoma 0.50 unapata 12. Yani kosa la sehemu ya kumi ya sekunde limekuondolea zaidi ya robo ya jibu, kwa sababu muda unazidishwa wenyewe kwa wenyewe.

Rekebisha hivi, rahisi kwanza. Mtu yuleyule adondoshe na yeye yule abonyeze, siyo mmoja apige kelele "achia!" mwingine abonyeze. Rudieni mara nyingi, chukueni wastani wa *muda*, kisha ndo mtafute g mara moja mwishoni. Ongezeni urefu kama pana usalama, maana kuchelewa kwa kidole hakuongezeki lakini muda wa kudondoka unaongezeka.

Hapo bado? Tumieni urefu tofauti mchore grafu. Wengi wanachora s na t², mteremko ni nusu ya g, sawa, ila kama kidole kinachelewa kiasi kilekile kila mara hiyo grafu inapinda kidogo na unadanganyika. Mimi napenda kuchora t upande wa wima na kipeuo cha urefu chini. Kuchelewa kote kunakwenda kukaa pale mstari unapokata wima, na mteremko unabaki safi. Hata bila grafu unaweza: kutoka mita 0.5 kinatumia 0.32, kutoka mita 2 kinatumia 0.64. Kama umechelewa 0.1 kwenye zote mbili utasoma 0.42 na 0.74, tofauti bado ni 0.32 ileile. Tofauti ya vipeuo ni 0.707, gawanya kwa 0.32, zidisha yenyewe kwa yenyewe, kisha zidisha kwa 2, unapata kama 9.8. Kidole kimefutika.

Sababu ya pili ni urefu umepimwa pabaya. Mnapima toka katikati ya gololi mpaka sakafuni, wakati inagusa sakafu kwa tumbo lake la chini. Pima toka chini ya gololi. Kwa mpira wa miguu, ambao kati mpaka nje ni sentimita 11, hilo kosa siyo dogo hata kidogo kwenye urefu wa mita moja.

Ya tatu, umesukuma. Mkono unapofunguka unakipa kitu spidi ya mwanzo bila kujua, g inatoka kubwa. Dondosha kwa kuvuta vidole pembeni, au kikalishe ukingoni mwa rula alafu uivute rula haraka.

Ya nne kwa mliobahatika kuwa na sumaku ya umeme inayoshika gololi: mkizima umeme sumaku haiachii papo hapo, inabaki na usumaku kidogo, saa imeshaanza gololi bado imeng'ang'ana, g inatoka ndogo kila mara na kwa kiasi kilekile. Wekeni kipande cha karatasi kati ya sumaku na gololi, na mpunguze umeme mpaka kiwango ambacho inashika kwa shida tu.

Wenye tika-taima, ile mashine inayogonga nukta kwenye utepe, kosa lenu ni lingine. Inagonga mara 50 kwa sekunde, kila *nafasi* ni sekunde 0.02, na nyie mnahesabu nukta. Nukta 11 ni nafasi 10, ni sekunde 0.2. Kipimo: kata utepe vipande vya nafasi tano tano, kila kipande kinatakiwa kuzidi kilichotangulia kwa sentimita 9.8 hivi. Vikizidiana sawasawa lakini kwa pungufu, sentimita 9 kasoro, utepe unakwaruza kwenye mashine, ongezeni uzito unaodondoka. Vikiwa havina mpangilio kabisa, utepe ulikunjika, rudia.

Simama hapa umwite mtaalamu wa maabara kama mashine inanukia kuungua, waya umechubuka, au sumaku imekuwa ya moto haishikiki. Usifungue kifuniko cha kitu kilichochomekwa ukutani kwa ajili ya maksi za praktiko. Na kama mnataka urefu mkubwa msipande paa wala tenki la maji. Kama g bado inakataa na muda unaisha, achaneni na kudondosha, fungeni nati kwenye uzi wa mita moja mfanye pendulo: mizunguko 20 ya kwenda na kurudi ni sekunde 40 na kidogo, hapo kuchelewa kwa kidole hakuna madhara ya maana.

Upinzani wa hewa? Kwa gololi ya chuma kwenye mita mbili usiutaje hata kwenye ripoti. Kuandika "kosa limetokana na hewa" wakati g imetoka 7 ni kujianika.

Dalili: umerekodi kwa simu, g inatoka 0.15

Hii siku hizi ni nyingi mno. Umerekodi kwa slomo ya fremu 240 kwa sekunde, simu inaicheza kwa fremu 30, kwahiyo kila kitu kimenyooshwa mara 8, wewe umesoma muda wa kwenye video. Muda ukizidi mara 8 g inapungua mara 64, na 9.8 gawanya kwa 64 ni 0.15. Hesabu fremu, gawanya kwa 240, achana na saa iliyoandikwa chini ya video. Kwa simu ya fremu 120 utaona kama 0.6, ndo ugonjwa uleule.

Kama g imekosea kidogo tu, asilimia 10 au 15, rula yako haiko kwenye umbali mmoja na mpira. Umeibandika ukutani na mpira unadondoka nusu mita mbele ya ukuta, kwenye kioo mpira unaonekana unasafiri umbali mrefu kuliko ukweli. Ining'inize rula sambamba na njia ya mpira, na simu isogee nyuma mita tatu nne badala ya kukaribia. Mpira ukionekana kama mstari uliofifia ongeza mwanga, nenda nje.

Dalili: app ya simu inasoma 9.8 mezani na sifuri ikiwa hewani

Watu wanadhani sensa imekufa, kumbe inafanya kazi vizuri kabisa. Ile sensa haipimi mvutano wa dunia, inapima jinsi simu *inavyosukumwa* na kitu kilichoishika. Mezani meza inaisukuma juu, inasoma 9.8. Hewani hakuna kinachoisukuma, inasoma sifuri, na ukiirusha juu inasoma sifuri toka inapoachia mkono, wakati wa kupanda pia. Kwa kweli ni ushahidi mzuri wa ile habari ya mshale mmoja. phyphox, ile app ya bure ya chuo cha RWTH Aachen cha Ujerumani, inaonyesha grafu yake vizuri, na ina stopwochi inayoanza na kusimama kwa sauti, gonga puto lililoshika gololi lipasuke gololi ianze kudondoka, ikigonga bati saa inasimama, kidole hakihusiki. Simu idondoshewe kwenye godoro, kutoka kimo cha goti, na isiwe ya mama.

Dalili: kitu kizito kimewahi kufika na kitabu kinasema vinafika pamoja

Kwanza angalia umbo kabla ya uzito. Karatasi iliyofunguliwa inayumba, ileile ukiifinyanga kuwa donge inashuka karibu sawa na jiwe, uzito haujabadilika hata chembe. Au weka karatasi *juu* ya daftari bila kuzidi kingo zake, dondosha daftari, vinafika pamoja. Pili angalia kama umeachia kwa wakati mmoja, mkono wenye kitu kizito huwa unachelewa kufunguka au unawahi. Mahali pasipo hewa ubishi umeshaisha: tarehe 2 Agosti 1971 David Scott wa Apollo 15 alidondosha nyundo na unyoya mwezini mbele ya kamera, vikagusa vumbi pamoja. Mwezini g ni 1.62 tu ndo maana kwenye video vinashuka kwa kudeka.

Dalili: jibu lako na la kwenye majibu vinapishana kidogo tu

Wao wametumia 10 we 9.8, au kinyume chake. Kwa spidi 20 urefu ni mita 20 au 20.4. Soma kichwa cha mtihani. Ile 9.80665 ni kiwango kilichokubaliwa kimataifa mwaka 1901, siyo kipimo cha kwenu. Karibu na ikweta ni ndogo kidogo, Dar na Nairobi zote ni kama 9.78, kwenye ncha za dunia 9.83. Kwahiyo jaribio lako la Dar likitoa 9.78 usilivute kwa nguvu lifike 9.81.

Dalili: umerusha kwa pembe, umbali unatoka hasi au wa kipuuzi

Kalkuleta haipo kwenye digrii. Bonyeza sin 30, isipokupa 0.5 simama hapohapo. Ikitoa hasi 0.988 ipo kwenye radiani, ikitoa 0.454 ipo kwenye gradi. Angalia kaherufi juu ya kioo, inatakiwa D. Mpira wa 20 kwa pembe ya 30 unaenda mita 34.6, kwenye radiani utapata hasi 12 na ukadhani umerusha nyuma.

Baada ya hapo angalia kama umegawanya spidi kuwa ya wima na ya mlalo. Ya wima ndo inayopambana na g, ya mlalo haiguswi na kitu. Ukiingiza 20 nzima kwenye wima umelirusha juu moja kwa moja, muda unakuwa mrefu na umbali unavimba. Na ile fomula fupi ya umbali, u² sin 2θ gawa g (θ ni pembe), ni ya kutua usawa uleule ulikorushia. Tufe linaachia mkono kama mita 2 toka chini, fomula fupi haifai hapo, na pembe bora inashuka chini ya 45. Tumia zile tatu za mwanzo, muda kwanza kwa wima, kisha zidisha kwa spidi ya mlalo.

Dalili: kwenye karatasi kila kitu safi, kwenye maisha hali inakataa

Hapa sasa ndo hewa. Kipira cha pingpong hakizidi mita 9 kwa sekunde hivi hata ukidondoshe toka ghorofa ya ishirini, kwahiyo kwa vitu vyepesi na vikubwa zile fomula zinafaa mita mbili tatu za mwanzo tu. Kwa vitu vya kasi sana ni hivohivo. Risasi ya AK inatoka kwa 715, fomula itakuambia inapanda kilomita 26 na kurudi na 715 yake. Ukweli inapanda kilomita chache tu na inarudi kwa kasi ndogo zaidi, ila hiyo ndogo ni kama mita 90 kwa sekunde na inaua mtu, ndo maana kufyatua hewani kwenye sherehe siyo mchezo hata kidogo.

Na kuna mahali kalkuleta inawekwa chini kabisa. Spana ikidondoka mita 30 toka kwenye jengo linalojengwa inafika kwa km 87 kwa saa, hiyo unaweza kuihesabu mwenyewe. Ila *nguvu* ya kugonga fomula hizi haziijui, inategemea kitu kimesimama ndani ya umbali gani. Fundi wa kilo 70 akidondoka mita 2 na kamba ikamsimamisha ndani ya sentimita 10, wastani wa nguvu ni mara 21 ya uzito wake, zaidi ya niutoni 14,000, kamba ya manila aliyojifunga kiunoni haikutengenezwa kwa hilo wala mgongo wake haukutengenezwa kwa hilo. Kuchagua mkanda, kamba, wavu au jukwaa ni kazi ya mhandisi na mtu wa usalama kazini, siyo ya kidato cha nne na v² = u² + 2as. Na kama mtu ameshadondoka, usimnyanyue wala kumkalisha, mwache alivyolala, mzuie asigeuze shingo, piga simu ya dharura.